Manowari za baharini au za anga: mchezo upi wa mezani uanze nao?

Anayetaka kuanza kupigana vita vya meli mezani hufika njia panda mapema: achukue meli za baharini, au vyombo vya anga za juu? Ukiitazama meza kwa mbali huoni tofauti kubwa. Huku na huku kuna vimeli juu ya kitambaa, tepu ya kupimia, dadu, na karatasi yenye viboksi vya kukata kila meli inapopigwa. Ndiyo maana wengi huchagua kwa macho. Aliyekulia kwenye hadithi za Vita Kuu ya Pili anachukua manowari, aliyekulia kwenye sinema za anga anachukua vyombo vya anga, na baada ya muda sanduku linahamia juu ya kabati.

Mimi nacheza pande zote mbili, na nazipenda zote. Ushauri wangu ni kwamba uache kwanza sura ya vimeli, ujiulize ni jambo gani litakalokusumbua akili kila zamu, maana hilo ndilo utakalokaa nalo jioni nzima. Angani, linalokusumbua ni mwendo wako mwenyewe. Baharini, linalokusumbua ni umbali, pamoja na yale usiyoyajua kuhusu adui. Ni mambo mawili tofauti kabisa, na anayefurahia moja anaweza kulichoka lingine upesi.

Angani: kasi ya zamu iliyopita

Kwenye drafti kete ukiiweka inakaa hapo hadi uiguse tena. Chombo cha anga hakikai. Kikishapata kasi, zamu ijayo kinaendelea na kasi ileile utake usitake, na kazi ya injini ni kuiongeza, kuipunguza, au kukigeuza chombo kidogo kidogo.

Mchezo unaolionyesha jambo hili waziwazi kuliko yote niijuayo ni Full Thrust, uliotungwa na Jon Tuffley na kutolewa na Ground Zero Games ya Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni wa zamani, michoro yake si ya kisasa, lakini moyo wake haujazeeka hata kidogo.

Chukua chombo kimoja. Kasi yake ni 8, yaani kwa zamu kinakwenda inchi 8. Injini yake ina nguvu 4. Mielekeo imepangwa kama uso wa saa, sehemu 12, na kanuni inakuruhusu kutumia hadi nusu ya nguvu ya injini kugeuka. Unaandika kwa siri kwenye karatasi yako: kushoto 2, ongeza 2. Mpinzani anaandika yake. Mnafunua pamoja. Kasi yako sasa ni 10, kwa hiyo chombo kinageuka sehemu moja ya saa, kinakwenda inchi 5, kinageuka sehemu nyingine, kinamalizia inchi 5. Umefika palepale ulipopanga, ila mpinzani hayupo ulipodhani. Yeye alipunguza kasi, wewe umempita, silaha zako za mbele zinaangalia giza tupu na yeye yuko mgongoni mwako. Kurudi kutakugharimu zamu mbili au tatu, naye hatazipoteza.

Hilo ndilo pigano la anga. Unamwazia mwenzako atakwenda wapi, unaandika, unaomba uwe umemsoma sawasawa. Wachezaji wawili wanaojuana vizuri wanaweza kukaa kimya dakika nzima kila mmoja ameinamia karatasi yake, halafu wakifunua chumba kinalipuka kwa vicheko.

Upigaji wenyewe ni mwepesi. Silaha ya mwali ya daraja la 2 inarusha dadu mbili shabaha ikiwa ndani ya inchi 12, dadu moja ikiwa kati ya 12 na 24. Ukipata 4 au 5 unatoa dhara moja, 6 inatoa mawili, chini ya hapo hukupata kitu. Ngao ya daraja la kwanza inaifuta ile 4. Mtoto wa darasa la tano analishika hilo kwa muda mfupi. Kinacholipa pigano uhai ni viboksi vya madhara. Vimepangwa kwa safu, na kila safu inapomalizika unarusha dadu moja kwa kila kifaa kilichomo chomboni: mwisho wa safu ya kwanza kila 6 inaua kifaa, mwisho wa safu ya pili ni 5 na 6, na hali inazidi kuwa mbaya. Kwa hiyo chombo hakifi kwa mkupuo mmoja. Kinaweza kubaki na silaha zake zote huku kifaa cha kulengea kimeungua, kikawa na mizinga isiyo na macho. Au injini inabaki na nusu ya nguvu zake, na ile kasi ya 14 uliyoitafuta kwa hamu inakutoa nje ya meza.

Faida nyingine ya anga ni uhuru. Hakuna mtu atakayekuambia chombo chako hakikuwahi kuwapo. Kanuni za Full Thrust zinakupa bei ya kila kifaa kwa pointi, unajijengea kikosi, na mwenzako anajenga cha thamani ileile. Mkishindana, mnashindana kwa haki. Ubaya wake uko hapohapo: chombo ulichokibuni jana hakina historia. Ukikipoteza umepoteza karatasi. Wapo wasiojali hilo kabisa, na wapo ambao mchezo usio na mizizi kwenye jambo lililotokea kweli hauwakai moyoni. Wewe unajijua.

Kuhusu swali la “mbona anga iko bapa?”, jibu ni kwamba michezo mingi imekubali kulipa gharama hiyo ili ichezeke. Triplanetary ya mwaka 1973 ilishughulika na fizikia halisi kwa wachezaji kuchora mishale ya mwendo juu ya ramani. Attack Vector: Tactical ya mwaka 2004 ilikwenda mbali zaidi, ikaleta pande zote tatu za anga. Ni kazi ya kupendeza kwa aliye tayari. Kwa anayeanza, hapana. Vivyo hivyo Star Fleet Battles ya mwaka 1979, ambayo kila zamu inakutaka ugawe nishati ya chombo kwa vifaa kimoja kimoja. Kanuni zake zimerundikana kwa miaka mingi na zinahitaji mtu wa kukushika mkono.

Armada, kwa anayetaka vimeli vilivyokamilika

Star Wars: Armada ya Fantasy Flight Games ilitoka mwaka 2015, na suala la kupanga mbele inalichukua kwa njia nyingine ninayoiheshimu sana. Kila chombo kina visahani vya amri. Chombo kidogo kama CR90 kinachagua amri ya duru hiihii. Kile kikubwa cha aina ya Victory kina rundo la visahani vitatu, kwa hiyo amri unayoitia chini ya rundo itafunuliwa duru mbili baadaye. Ukubwa wa chombo unausikia hivyo, kwenye uzito wa maamuzi yake. Nahodha wa CR90 anajibu kinachotokea sasa; nahodha wa Victory lazima awe amekiona tangu juzi. Na pigano zima lina duru sita tu.

Jambo la pili linalowachanganya wageni ni kwamba chombo kinapiga kwanza, ndipo kinaondoka. Kwa hiyo huendi mahali ili upige duru hii. Unakwenda mahali ili upige duru ijayo, baada ya mwenzako naye kuwa amesogea. Dadu zina rangi: nyekundu zinafika mbali, buluu umbali wa kati, nyeusi karibu tu. Vyombo vikubwa vinakuja vimeshapakwa rangi, unafungua sanduku na kuanza.

Lakini sharti nikueleze hali yake ilivyo. Mchezo ulihamishiwa Atomic Mass Games, na mwaka 2024 kampuni hiyo ilitangaza kwamba haitauendeleza tena, pamoja na ndugu yake X-Wing wa mwaka 2012. Sanduku la msingi ukilipata kwa bei nzuri, lichukue. Lina pigano kamili ndani yake na litadumu. Kujenga kikosi kikubwa kwa kuongezea sanduku moja moja ni jambo nisilokushauri, kwa sababu utakuwa unawinda mali ya mkono wa pili nchi za mbali, ukilipa usafirishaji na ushuru kwa kila kipande. Pia pigano kamili linataka meza ya futi 3 kwa 6. Pima meza yako kabla ya kutamani.

Baharini: kilomita tisa mezani

Huku tatizo la kwanza ni hesabu. Chukua SMS Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyokuwa na urefu wa mita 115. Kwenye kipimo cha 1/3000, ambacho ni cha kawaida kwa vimeli vya vita vya kwanza na vya pili, inakuwa na urefu usiofika sentimita 4. Kwenye 1/1800 ni sentimita 6 na kidogo. Ni kitu cha kushika kwa vidole viwili. Sasa kilomita 9, umbali wa kawaida wa mapigano ya enzi yake, kwenye kipimo hichohicho cha 1/3000 ni mita 3. Kwenye 1/1800 ni mita 5. Na hizo bado ni meli ndogo: Julai 1940 HMS Warspite iliipiga meli ya Kiitalia Giulio Cesare kutoka kilomita 24 hivi, ambazo kwenye 1/1800 ni zaidi ya mita 13. Hiyo inatoka sebuleni, inapita ukumbini, inaishia barabarani.

Kila mchezo wa manowari una namna yake ya kulimaliza hilo, na hapo ndipo unapozijua tabia zao. Mingi inatumia vipimo viwili kwa pamoja: kimeli ni kikubwa kuliko bahari inavyostahili, na unapima umbali kutoka katikati yake. Victory at Sea, iliyoanzia Mongoose Publishing mwaka 2006 na kupata toleo jipya la Warlord Games mwaka 2020, iko kundi hili. Ina vimeli vya 1/1800 vinavyopendeza, inakwenda haraka, na inakupa Pasifiki ya mwaka 1942 bila kukuzamisha kwenye majedwali. General Quarters, ambayo asili yake ni mwaka 1975, inajali zaidi deraya, pembe na aina ya mzinga, na toleo lake la vita vya kwanza linaitwa Fleet Action Imminent. Akiniuliza mtu anayeanza, nampa Victory at Sea. Akiniuliza mtu aliyekwisha kusoma jinsi manowari zilivyopigana kweli, nampeleka General Quarters, maana kwenye Victory at Sea ataanza kulalamika kabla ya zamu ya tatu.

Halafu kuna njia ya Fletcher Pratt wa New York, aliyechapisha kanuni zake mwaka 1940. Yeye na wenzake walicheza sakafuni, kwa vimeli vya mbao, na kupiga hakukuwa kwa dadu. Mchezaji alikisia kwa jicho umbali wa adui kwa inchi, akauandika, kisha tepu ikapimwa na kuonyesha kombora limeanguka wapi. Nimewahi kuwapa njia hii watu wasiopenda dadu, wakaipenda mara moja. Kukisia kunakua kwa mazoezi. Zamu ya kwanza unakosea kwa inchi kumi, baada ya zamu kadhaa unarekebisha: kombora lililopita lilianguka nyuma yake, nipunguze kidogo. Ni kazi ileile ya afisa wa mizinga, na hakuna mchezo wa anga ninaoujua unaokupa hisia hiyo.

Hata hivyo, bahari haina haki ile ya anga. Chukua HMS Pegasus, manowari ya Uingereza nitakayoieleza hapa chini: Pegasus ni Pegasus. Huwezi kuiongezea mzinga kwa sababu pointi zimebaki.

Zanzibar na Rufiji

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu msomaji wa Kiswahili ana mapigano ya manowari yaliyotokea mlangoni kwake na yanachezeka vizuri mno.

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, HMS Pegasus ilikuwa imetia nanga Zanzibar ikifanyiwa matengenezo. Königsberg, chini ya Max Looff, ikatokea na kufungua moto kwa mbali. Pegasus ilikuwa na mizinga minane ya inchi 4, lakini makombora yake yalianguka majini kabla ya kumfikia adui. Ndani ya muda mfupi ilikuwa imenyamazishwa, na baadaye ikazama.

Ukiiweka mezani jinsi ilivyokuwa, hakuna mchezo. Mmoja anapiga, mwingine anapigwa. Somo la kwanza la michezo ya bahari liko papa hapa: usawa hautoki kwenye nguvu za meli, unatoka kwenye masharti ya ushindi. Mimi huwa napanga hivi. Königsberg haina bandari ya kujazia makombora wala mahali pa kutengenezewa, kwa hiyo kila kiboksi cha dhara inachopata kinamhesabia Mwingereza mara tatu, na ina idadi maalumu ya zamu za kupiga kabla ya kuondoka. Pegasus inarusha dadu kila zamu kuona kama mabaharia wameweza kuwasha moto wa kutosha kung'oa nanga. Sasa Mjerumani ana swali la kweli: nisogee ili nimalize upesi, niingie ndani ya uwezo wa mizinga yake, au nibaki mbali na kuhesabu makombora? Umbali, tena umbali.

Rufiji ni tamu zaidi. Königsberg ilijificha ndani ya delta, katikati ya mikoko, ambako manowari kubwa za Uingereza hazingeweza kuingia kwa sababu ya kina kidogo cha maji. Mwaka 1915 zikaletwa Severn na Mersey, meli bapa zilizokuwa zimejengwa kwa ajili ya mito ya Brazil, kila moja ikiwa na mizinga miwili ya inchi 6. Hazikuweza kuiona shabaha yao. Ndege ndogo kutoka kisiwa cha Mafia ndiyo iliyokuwa macho yao. Jaribio la tarehe 6 Julai lilishindwa, na Mersey ikapoteza mzinga wake wa mbele. Tarehe 11 Julai, ndege iliyokuwa na rubani Cull na mtazamaji wake Arnold ilipigwa, na ikiwa inashuka kuelekea mtoni Arnold aliendelea kutuma masahihisho ya mizinga kwa redio. Severn ikaipata Königsberg, na habari yake ikaishia hapo. Mizinga yake ilitolewa majini ikapigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na unaweza kuugusa.

Pigano hili huwezi kulicheza juu ya kitambaa cha buluu huku kila mtu anaona kila kitu. Unahitaji mwamuzi na pazia. Mjerumani anaweka alama ya meli yake kwenye ramani yake ya miraba, Mwingereza ana ramani tupu. Anataja mraba, mwamuzi anamrudishia neno la ndege: fupi, kushoto. Ndege ikiwa haipo juu, hapati neno. Nayo kila zamu inaweza kuangushwa. Wachezaji wawili, mwamuzi mmoja, penseli tatu, na jioni nzima watu wameshika roho mkononi.

Namna hii ya kucheza kwa kuficha ina heshima yake. Mwaka 1942, pale Derby House mjini Liverpool, Kapteni Gilbert Roberts pamoja na wanawake vijana wa jeshi la majini la Uingereza walifundisha maafisa wa kulinda misafara kwa mchezo wa sakafuni. Maafisa walichungulia kupitia matundu ya mapazia. Njia za meli za ulinzi zilichorwa kwa chaki nyeupe, za nyambizi kwa chaki ya kijani isiyoonekana vizuri kutoka nyuma ya pazia. Kutoka chumba hicho zilitoka mbinu zilizotumika Atlantiki dhidi ya nyambizi za Kijerumani. Ukimwona mtu anadharau kucheza na vimeli, mweleze habari hiyo.

Michezo ya anga inaweza kuficha pia, kwa mfano kwa kuweka vibao visivyo na jina hadi chombo kikaribie. Lakini kwenye anga kuficha ni pambo. Kwenye bahari, hasa mahali penye visiwa, giza, ukungu au mikoko, ndilo pigano lenyewe.

Matanga

Kuna wa tatu anayesahaulika: meli za matanga. Black Seas ya Warlord Games, mwaka 2019, inatumia vimeli vya 1/700 na inahusu miaka ya kuanzia 1770 hadi 1830. Hapa hesabu ya kilomita inakwisha, kwa sababu mizinga ya enzi hiyo ilipiga karibu. Inaingia hesabu ya upepo. Aliye joshini, upande upepo unakotoka, anachagua lini pigano lianze; aliye demani, upande upepo unakokwenda, anasubiri. Mtu aliyekulia pwani, anayejua kwamba chombo hakiendi moja kwa moja usoni mwa upepo bali kwa kupiga bisho, ataielewa Black Seas kabla ya kumaliza kusoma kanuni. Tatizo ni vimeli: milingoti, kamba, matanga, kila kimoja kinataka subira ya kukiunganisha, na kikianguka kinavunjika. Kwa nyumba yenye watoto wadogo, ngoja kwanza.

Mfuko, nafasi na mwenzako

Kwa gharama anga inashinda, na inashinda kwa mbali. Kanuni za Full Thrust kampuni yenyewe imeziweka mtandaoni bila malipo. Vimeli si lazima. Unachora pembetatu kwenye karatasi ya manila, unaandika jina, unabandika juu ya kifuniko cha soda, basi. Kitambaa cheusi, kokoto chache za kuwa vimondo, dadu za kawaida. Na kwa kuwa hakuna anayejua chombo cha anga kinafananaje, karatasi haichukizi macho.

Bahari ya karatasi inawezekana pia, kwa kuchora meli kutoka juu na kuichapa steshenari kwa rangi, lakini hapo jicho linadai zaidi. Mtu aliyeona picha ya Hood, manowari ya Uingereza, anataka aione Hood. Ahueni iko kwenye printa za 3D: vimeli vya 1/1800 na vidogo zaidi vinachapika vizuri, na michoro yake inapatikana mtandaoni, mingine bure. Kama mjini kwako kuna anayechapa kwa malipo, ulizia manowari ndogondogo kwanza, si zile kubwa, kwa sababu hizo ndizo utakazohitaji nyingi.

Nafasi: Full Thrust inaridhika na meza ya kulia chakula, na chombo kikikaribia ukingo mnaweza kukubaliana kuvisogeza vyote nyuma kwa kipimo kimoja, kwa kuwa anga haina mahali pa kudumu. Bahari yenye pwani huwezi kuisogeza hivyo. Rufiji iko ilipo.

Mwenzako ndiye jambo kubwa kuliko yote hayo. Huku kwetu hukuti duka ambalo utaingia na kukuta watu wanakusubiri na vikosi vyao. Wewe ndiye utakayemiliki pande zote mbili, utakayezijua kanuni, na utakayemkaribisha kaka, binamu au jirani. Kwa hiyo uliza anachokipenda yeye. Asiyependa kusoma, usimwekee majedwali ya deraya mbele. Anayependa kubishana juu ya historia, usimpe chombo ulichokibuni. Na kwa kuwa karibu kanuni zote hizi zimeandikwa kwa Kiingereza, andika ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye hatua za zamu na dadu za kupiga, uuweke mezani. Kwa Full Thrust ukurasa huo unatosha kabisa. Kwa General Quarters hautoshi, na ni vizuri mwenzako alijue hilo kabla hajaketi.

Mwenye bajeti ndogo na mwenzake mmoja, aende angani kwa Full Thrust, wala asisite. Mwenye ndugu ughaibuni anayeweza kumletea sanduku moja tu, aangalie kama Armada inapatikana kwa bei ya kawaida. Kama haipatikani, sanduku la Victory at Sea ni uwekezaji salama zaidi kwa sasa. Mwalimu wa historia mwenye wanafunzi kumi na darasa tupu Jumamosi asitafute kimeli hata kimoja: achore ramani ya delta ya Rufiji ubaoni, atundike shuka katikati ya chumba, agawe watoto upande wa Looff na upande wa Severn, yeye awe ndege. Na yule anayesema anapenda vyote kwa kiasi kilekile, namwanzishia angani kisha namhamishia baharini, kwa sababu aliyezoea kuandika mwendo wake kabla ya kuuona wa mwenzake hufika kwenye mchezo wa manowari akiwa tayari na akili ya kutazama mbele, ilhali aliyeanza baharini huchukua muda kuamini kwamba chombo chake hakitasimama.

Kwa pigano la kwanza, lolote utakalochagua, weka meli mbili kila upande. Acha ndege, makombora ya kuongozwa, torpedo na nyambizi ndani ya sanduku hadi kila mtu awe amepiga, amepigwa, na amekata viboksi vyake mwenyewe bila kuuliza.